Nchi ya Mzingile na Hesabu ya Ishirini

Hadithi hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni Sikudhani Kibwana, mama mwenye kibanda cha gemu pale Mji Mpya, Morogoro. Sisi tunaisimulia kama alivyotukabidhi, bila kuiongezea chumvi, maana aliyoitia yeye inaitosha. Jinsi alivyofika huko, na alivyorudi, hakutaka kueleza. Alisema alikuwa ameinama nyuma ya mashine akichomeka waya, na alipoinua kichwa akajiona amesimama mbele ya ukuta wa buluu unaong'aa kama bati lililotoka kunyeshewa. Aliyefika amefika; tukianza kumdai nauli na tiketi hatutamaliza.

Ila msomaji aijue kwanza gemu yenyewe. Sikudhani alipokuwa msichana, mjini kulikuwa na mashine moja kubwa kama kabati la nguo. Mtu mmoja alisimama mbele yake akiendesha kijitu chenye mdomo ndani ya vichochoro, kijitu kikila punje za nuru huku vivuli vinne vikikifukuza. Mashine ile ikafa, ikasahaulika. Miaka mingi baadaye gemu ile ikafufuliwa kwa sura mpya: wachezaji wanne kwa wakati mmoja, wanafukuzwa na wanafukuzana, anayemeza punje kubwa anawageuka wenzake na kuwameza, na kibanda kizima kinapiga kelele. Sikudhani aliinunua, akaiweka mahali pa heshima karibu na mlango, na tangu siku hiyo hakukosa wateja. Aliipenda. Hakuwahi kujiuliza anayemezwa huenda wapi.

Katika ukuta ule wa buluu mlikuwa na mlango, na mlangoni aliketi karani mwembamba aliyeitwa Bwana Kipimo. Alipomwona Sikudhani alisimama, akapiga makofi matatu, akamvisha shada la maua.

"Karibu tena nyumbani," alisema.

"Baba, sijawahi kufika hapa."

"Wote husema hivyo. Ulisusa lini?"

Ikabidi aelezwe. Nchi ya Mzingile ina milango miwili tu, wa mashariki na wa magharibi, na anayetoka kwa mlango wa magharibi hujikuta palepale anaingia kwa mlango wa mashariki. Wakuu wa nchi walipogundua jambo hilo waliona kwamba nchi yao haina nje. Baraza likakaa vikao kumi na kimoja kuuliza: kama hakuna nje, mgeni ni nani? Likaamua kwamba hakuna mgeni. Kila anayeingia ni mwananchi aliyetoka kwa hasira, na serikali inapaswa kumbembeleza.

"Yupo Bwana Kisusi," alisema Kipimo, akifungua daftari kwa heshima kubwa. "Kila asubuhi akikuta chai haina tangawizi husema, 'Mimi hamnioni tena,' akatoka magharibi. Tunampokea hapa kwa maua na maji ya matunda. Mwaka huu amehama mara mia mbili na arobaini. Ndiye mwananchi wetu aliyesafiri kuliko wote. Hutoa mihadhara juu ya nchi za nje."

Sikudhani hakucheka, kwa sababu karani hakucheka. Akaliweka shada lake sawa, akaingia.

Hapo ndipo maneno yalipomwishia. Vichochoro vilikwenda mbele, vikakata kulia, vikakata kushoto, vikarudi, na katikati ya kila kimoja punje za nuru zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, punje baada ya punje, mbali hadi jicho linapochoka. Hakuna aliyezipanga; zilichipuka zenyewe kila asubuhi. Mtu alipopita juu yake akiziokota kwa mdomo, kila punje ilitoa mlio mdogo, na kwa kuwa watu maelfu walikuwa wanapita kwa wakati mmoja, nchi nzima ilikuwa inaimba. Sikudhani alishika kifua. "Subhanallah," alisema, na machozi yakamtoka bila kujua yanatoka kwa nini. Alikuwa ameutazama mchezo ule siku zote kupitia kioo kisichozidi ukubwa wa sinia.

Aliegemea ukuta apate kupumua. Ukuta ulikuwa na joto, joto kama la mgongo wa mtu. Akadhani ni jua.

Ukimtoa karani wa mlangoni na meza yake, watu wa Mzingile hawasimami. Ni mwiko, tena mwiko mzito, kwa kuwa zamani aliyesimama alikamatwa. Hata salamu zao zinakwenda kwa mzunguko: mtu anakuuliza "Habari za nyumbani?" kwenye kona hii, anapita, nawe unamjibu "Nzuri" mtakapokutana tena kona nyingine, pengine jioni. Sikudhani hakuwa ametembea hatua ishirini alipojibiwa "Nzuri, alhamdulillahi, ila mtoto ana kikohozi" na mtu asiyemjua. Alishangaa, kisha akamhurumia yule aliyeuliza, ambaye hakulipata jibu lake.

Bwana Kipimo alimkabidhi kwa mwenyeji, mwanamke wa miaka kama thelathini jina lake Telezi. Alikuwa mkimbiaji wa Karamu, mwepesi, mwenye miguu mirefu na kicheko cha karibu. Alimwita Sikudhani "dada mgeni" ingawa sheria haikumtambua mgeni, na alikimbia polepole ili mama wa watu asije akaanguka. Njiani alimweleza habari za nchi.

Enzi za mababu, alisema, alikimbia mtu mmoja tu. Nchi nzima ilimtazama, na akila punje zote kukawa siku mpya kwa wote. Akikamatwa wote walilia. Baadaye mchezo ule uliachwa, vichochoro vikajaa vumbi, watu wakakaa bila la kutazama. Kisha wakaja Wafufuaji. Waliutoa vumbini, wakautia rangi na ngoma na matunda, wakasema mmoja kukimbia peke yake ni uchoyo. Sasa wanakimbia wanne, na inaitwa Karamu.

"Na vivuli?" Sikudhani aliuliza. "Vile vinne vya zamani vipo?"

"Vile vilikuwa vibarua. Wafufuaji waliona hawahitajiki." Telezi hakumtazama. "Sasa vivuli ni sisi wenyewe. Anayemezwa anakuwa kivuli."

Hapo akafanya jambo ambalo Sikudhani hakuwa ameliona kwa mtu yeyote wa vichochoroni. Alisimama.

Walikuwa wamefika katikati ya nchi, mbele ya nyumba isiyo na dirisha, yenye mlango mmoja mwembamba wa vyuma vyeupe. Watu waliokuwa wanapita waligeuza nyuso, si kwa sababu ya nyumba bali kwa aibu ya kumwona mtu amesimama. Ndani ya nyumba vivuli vilikuwa vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, kama nguo zilizoanikwa penye upepo. Havikuwa na miguu wala uso. Vilikuwa na macho tu.

"Yule wa tatu kutoka kushoto," alisema Telezi, "ni dada yangu Pindo. Mama yetu alikufa nikiwa nanyonya. Pindo ndiye aliyenilea."

"Masikini. Nani alimmeza?"

Telezi alishika vyuma vya mlango.

"Mimi."

Sikudhani alisogea, akasimama karibu naye.

"Tulikimbia Karamu moja," aliendelea Telezi. "Tuliahidiana kwamba atakayeimeza Punje Kuu amlinde mwenzake. Nikaimeza mimi. Dada mgeni, huwezi kujua kunakuwaje. Unakuwa mkubwa, unaona kila kitu kiko chini, na wote wanaokukimbia wanageuka buluu, na wakishakuwa buluu hawana majina. Nilimeza watatu. Sikujua mmoja ni yeye mpaka niliporudi kuwa mdogo nikamtafuta nimwonyeshe shada langu. Watu walinishangilia siku mbili."

Alisema haya bila kulia, kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia yote. Kisha akamweleza lililo zito zaidi. Kivuli hukaa katika Nyumba ya Kati kwa Karamu kumi. Kama kwa muda huo hakikummeza mkimbiaji ili kibadilishane naye nafasi, wala hakikutolewa na mtu, hupoteza macho. Na kesho ilikuwa Karamu ya kumi ya Pindo.

"Kikishapoteza macho kinakwenda wapi?"

Telezi alimshika mkono, wakaondoka, na swali likaenda nao. Lilijibiwa na Bwana Kipimo walipomkuta kwenye meza yake, naye alilijibu kama mtu anayeulizwa bei ya chumvi.

"Tunajengea," alisema. "Nchi hii ni ya kuta, mama. Ulifikiri kuta zinatoka wapi?"

Sikudhani alikumbuka lile joto la mgongo wa mtu, akauondoa mkono wake ukutani haraka. Alitembea katikati ya kichochoro tangu hapo, akijibana, na bado alikuwa anaona uzuri wa mahali pale na kuuchukia moyo wake kwa kuuona.

Lakini njia ya kumtoa Pindo ilikuwapo, na ilikuwa imeandikwa. Sheria ya Mzingile inasema hivi: anayemeza Punje Kuu ni Mkuu kwa hesabu ya ishirini. Kwa hesabu hiyo hakuna wa kumgusa. Alitendalo ni halali na alisemalo ni amri. Kwa kuokoa, mlango wa Nyumba ya Kati humfungukia Mkuu peke yake, naye ana ruhusa ya kukitoa kivuli kimoja.

"Wangapi wametolewa?" aliuliza Sikudhani.

Kipimo alifungua daftari jingine, jipya kabisa, kurasa zake bado zimegandana. "Hakuna bado."

"Hakuna! Ina maana wakimbiaji hawana ndugu mle ndani?"

"Wote wanao. Kila mkimbiaji huja hapa mezani kwangu kabla ya Karamu, ananiambia jina, ninaandika kwa kalamu ya risasi. Wote huahidi. Tatizo ni hesabu, mama. Mkuu haisikii."

Basi akamsimulia sheria ya Mkuu Tambo, nasi tunaisimulia kama ilivyo. Zamani, mtu alipokuwa Mkuu, nchi nzima ilihesabu kwa sauti kurudi nyuma: ishirini, kumi na tisa, kumi na nane. Mkuu alisikia ukuu wake unavyopungua, akajipima. Siku moja alikuwapo Mkuu aliyeitwa Tambo, na hesabu ilipofika sita aliudhika. Akaamuru: ni utovu wa adabu kumhesabia Mkuu siku zake mbele ya uso wake, kuanzia sasa hesabu iwe kimyakimya, na atakayehesabu kwa sauti atiwe katika Nyumba ya Kati. Watu wakanyamaza. Tambo akaendelea kutamba akidhani yuko kwenye sita, kumbe ni moja, na kivuli cha kwanza kilichopita kikammeza.

"Na sheria yake mkaiacha?"

"Anayeweza kuifuta ni Mkuu mwingine tu," alisema Kipimo. "Nao wakiwa Wakuu hawaioni ubaya wake. Wakishakuwa wadogo wanauona sana, ila hawana uwezo. Baraza limelijadili. Wazee wa Kona ya Kulia walisema hesabu ni haki ya watu. Wazee wa Kona ya Kushoto walisema hesabu ni haki ya watu, ila isisikike. Wakaafikiana kwamba wote wamesema jambo moja, wakala matunda."

Karamu ilifanyika siku ya pili, jua likiwa katikati. Sikudhani alikaa jukwaani katika umati wa watu ambao, kwa siku hiyo tu, wanaruhusiwa kukaa. Ngoma zililia mpaka akazisikia kwenye meno. Matunda ya nuru, makubwa kama mabungo, yalizuka kwenye kona na kupotea. Na vichochoro vyenyewe, Mola awe shahidi, vilibadilika: ukuta ulizama hapa, ukachomoza pale, njia iliyokuwa wazi ikawa kitanzi, na nchi nzima ilijikunja na kujikunjua kama mkeka unaotandikwa na mikono isiyoonekana. Umati ulishusha pumzi kwa pamoja. Sikudhani alijisahau, akashangilia kama wale vijana wa kibandani kwake. Tunalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Wakimbiaji wanne waliingia. Telezi alivaa kijani. Mwingine ambaye Sikudhani alimjua ni mmoja tu, Mkato, mwanamume mnene mwenye mbio za ajabu, aliyevaa nyekundu na ambaye asubuhi ile alikuwa ameandikisha jina la mtoto wake kwa kalamu ya risasi. Walikimbia, wakapishana, wakatoka magharibi na kuingia mashariki kwa pumzi ileile. Vivuli vilitolewa vichache kuwafukuza. Vingine, na Pindo akiwamo, vilibaki ndani vikipanda na kushuka.

Punje Kuu ilichipuka karibu na jukwaa. Mkato aliiona. Telezi aliiona. Telezi akaruka kona, akawahi.

Alikua. Kwanza mabega yalizidi ukuta, kisha kichwa kikazidi jukwaa, na rangi yake ya kijani ikang'aa mpaka watu wakafunika macho. Alikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe, maana watu hudhani ukuu unatisha tu, hawajui unavyopendeza. Ngoma zilinyamaza. Vivuli vyote viligeuka buluu vikaanza kutetemeka, na wakimbiaji watatu wakawa buluu pia. Na watu jukwaani, maelfu kwa maelfu, walipeleka mikono nyuma ya migongo yao na kuanza kuhesabu kwa vidole.

Sikudhani naye alihesabu, kimoyomoyo. Ishirini. Kumi na tisa. Telezi aligeuka moja kwa moja kuelekea Nyumba ya Kati, na Sikudhani akasema moyoni, Mwenyezi Mungu, huyu anakwenda. Kumi na saba. Kumi na sita. Hapo kibuluu kimoja kinene kikakatiza mbele ya Telezi, kikiteleza kwa woga. Macho ya Telezi yakakifuata. Miguu ikafuata macho. Alitabasamu. Kumi na nne, kumi na tatu, na sasa alikuwa anakwenda upande mwingine kabisa, upande wa Mkato, taratibu, kama mtu mwenye mchana kutwa mbele yake.

Mama mmoja aliyekaa kando ya Sikudhani alikuwa anahesabu nyuma ya mgongo huku machozi yanamtiririka. Hakutoa sauti. Hakuna aliyetoa sauti. Sikudhani alitazama vile vidole, maelfu ya vidole vinavyokunjwa kwa adabu, na hasira ikampanda mpaka utosini. Hakufikiri juu ya Nyumba ya Kati. Alisema baadaye kwamba angefikiri asingethubutu.

Alisimama juu ya benchi, akajishika kiuno.

"Kumi na moja!" alipiga kelele. "We Telezi! Kumi!"

Askari wawili wa jukwaa walianza kupanda ngazi kumfuata. Yule mama wa kando aliwatazama, akamtazama Sikudhani, akatoa mikono nyuma ya mgongo.

"Tisa," alisema yule mama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila katika kimya kile ilifika.

"Nane!" Hiyo ilitoka upande wa pili wa jukwaa. Ilikuwa sauti ya Bwana Kisusi, msafiri mkuu wa nchi za nje. "Saba!" sasa ni sauti mia. "Sita!" na askari wakasimama ngazini, kwa kuwa nao midomo yao ilikuwa inacheza.

Telezi alikuwa amekwisha kuinama. Mkato alikuwa chini ya kidevu chake, amejikunja pembeni mwa njia isiyo na pa kutokea. Neno "sita" lilimpiga Telezi kama maji baridi. Sikudhani aliliona likimfika: macho yalipepesa, yakamtazama yule kibuluu, na bila shaka kwa mara ya kwanza yaliona kwamba ni mtu. Aligeuka. Akakimbia. Nchi ilitikisika kwa mbio zile. Tano. Nne. Kuta zilimpisha. Tatu. Mbili, na mkono wake ulishika mlango mweupe, na mlango ambao haukuwahi kufunguka kwa kuokoa ukafunguka.

"Moja!" walisema watu.

Kikaja kile kinachokuja baada ya moja, na hakuna aliyekitaka. Lazima Mkuu apungue, na angepungua akiwa mlangoni pa vivuli kabla ya kumfikia nduguye. Katika pumzi hiyo mtu mmoja, na hata leo haijulikani ni nani, akasema, "Ishirini." Umati wote ukadakia: "Kumi na tisa! Kumi na nane!"

Telezi hakupungua. Alibaki vilevile, mkubwa, anang'aa. Bwana Kipimo alikuwa ameketi na madaftari yake chini ya jukwaa, kalamu ilimdondoka.

"Kumbe haikuwa punje," alisema. "Kumbe ni sisi."

Maelfu ya watu wale walikuwa wamegundua kwa pamoja kitu ambacho hakikuandikwa popote, na walikihesabu kwa sauti iliyozidi kupanda, wakicheka na kulia. Wangeweza kumshikilia Telezi juu milele. Walitaka kumshikilia. Na yeye Sikudhani alikuwa mmoja wao, anahesabu.

Telezi aliinama, akasogeza uso mlangoni. "Dada Pindo," aliita. "Ni mimi."

Sauti ya Mkuu ilizitikisa kuta za nyumba. Vivuli vyote vilikimbilia ukuta wa nyuma, vikajibanza, buluu, vinatetemeka. Kile kilichokuwa cha tatu kutoka kushoto kilikuwa nyuma kabisa. Kilifumba macho yake, na macho ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimekibakia.

"Dada, nimekuja kukuchukua."

Kikajibanza zaidi. Telezi alinyoosha mkono, na alipoona jinsi kilivyofumbua macho kuutazama mkono ule aliurudisha. Mara ya mwisho Pindo kumwona katika ukubwa ule, alimezwa. Sheria ilisema Mkuu anaweza kukitoa kivuli. Haikusema kwamba kivuli kitakubali kutolewa na Mkuu.

Telezi aliinua kichwa, akawageukia watu.

"Nyamazeni," alisema.

Hawakunyamaza. Hakuna Mkuu aliyewahi kuomba jambo la namna ile, na wao walikuwa katika furaha.

"Nawaomba, jamani. Acheni kuhesabu."

Watu wakaanza kuelewa, na sauti zikapungua upande mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliona kitakachotokea. Atakuwa mdogo, peke yake, mlangoni pa nyumba yenye vivuli zaidi ya thelathini, na kila kimoja kinaweza kumpata kwa hatua moja na kutoka huru, kimwache yeye ndani. Mkato aliyekuwa bado amejikunja kichochoroni aliweka mikono kichwani. Yule mama akanyamaza. Bwana Kisusi akanyamaza.

"Kumi na mbili," alisema Sikudhani. Alikuwa amebaki peke yake. "Kumi na moja." Hakuweza kuacha, ulimi ulimwambia kwamba akiacha yeye ndiye atakayekuwa amemuua.

Telezi alimtazama kutoka juu kule, na uso wake mkubwa ulikuwa umejaa upole.

"Na wewe, dada mgeni," alisema. "Nishushe."

Sikudhani alifumba mdomo, akauziba kwa mikono yote miwili.

Telezi akapungua. Nuru ilimtoka, mabega yakashuka, na mara alikuwa mwanamke mmoja mwembamba aliyevaa kijani, amesimama kwenye kizingiti, mikono imening'inia. Vivuli viliacha kutetemeka. Rangi zao zilivirudia kimoja baada ya kingine, na macho ya vivuli vyote thelathini na kitu yakamgeukia. Hakukimbia. Alikuwa mtu wa pili kusimama katika nchi ile akiwa anajua kwa nini anasimama. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, jana yake, mahali palepale.

Kivuli cha tatu kutoka kushoto kilitoka ukutani. Vingine vilikipisha. Kilikuja polepole mpaka kikawa usoni kwa Telezi, karibu kiasi cha kumpulizia. Chini ya yale macho pakapasuka mdomo, nao ulifunguka, mkubwa na mweusi, na jukwaa lote likasimama kwa miguu yake. Sikudhani alitaka kugeuza uso. Hakugeuza.

"Telezi," ulisema ule mdomo, kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika. "Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?"